Kadi kuukuu za Likasi na mistari inayozigusa

Kadi ya mtandao ya Realtek RTL8139 ina rejista ya baiti moja kwenye anwani 0x37. Ukiiandikia thamani 0x10, yaani ukiwasha biti namba 4 peke yake, kadi inasahau ilichokuwa ikifanya. Inaacha kutuma, inaacha kupokea, inatupa ilichokuwa imeshika na kuanza upya. Ikimaliza, yenyewe inaizima biti ile, na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, iliyokuwa ikiichungulia tena na tena inajua kwamba kazi inaweza kuanza.

Amri hiyo kubwa hutolewa kwa mstari mmoja wa msimbo. Mwandishi wa draiva hauandiki mstari huo kwa kuigusa kadi moja kwa moja, bali huita kisaidizi: fanksheni fupi au makro ambayo kazi yake ni kupeleka namba fulani kwenye rejista fulani, au kuirudisha iliyomo. Draiva ya kadi ya mtandao huita visaidizi vya aina hiyo mamia ya mara, na kwa kuwa ni vifupi, watu huvidharau. Husomwa kwa haraka, hunakiliwa kutoka draiva moja kwenda nyingine, na mara kwa mara anatokea mtu anayesema: hivi vimezidi, tuvirahisishe.

RTL8139 ni kadi ya mwisho wa miaka ya 1990, ya megabiti 100 kwa sekunde. Huko ilikotoka zamani imeshatupwa. Likasi, mji wa shaba na kobalti ulio kilomita kama 120 kaskazini magharibi ya Lubumbashi kwenye barabara ya RN1, hutashangaa kuikuta bado inafanya kazi. Kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika Ulaya huingia Katanga kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, zinauzwa, zinafunguliwa, zinachanganywa vipuri, na kuishia kwenye duka la fotokopi, kwenye cyber, kwenye ofisi ya shule. Fundi anayeweka Linux ndani ya mashine kama hiyo, kwa sababu leseni ya Windows ni ghali na diski ni ndogo, anaitegemea draiva inayoitwa 8139too. Ni faili moja la lugha ya C lenye mistari zaidi ya 2,000. Mizizi yake ni kazi ya Donald Becker, aliyeandika draiva nyingi za kwanza za Ethernet kwa ajili ya Linux alipokuwa akifanya kazi kituo cha NASA cha Goddard, na baadaye Jeff Garzik akaiunda upya.

Kabla ya kufungua faili hilo, tuiangalie rejista yenyewe. Anayejifunza kompyuta huambiwa kwamba kumbukumbu ni safu ya nafasi zenye namba: ukiweka 7 kwenye nafasi fulani, ukirudi utaikuta 7. Rejista za kadi nazo zina anwani kama kumbukumbu, na prosesa huzifikia kwa maagizo yale yale, lakini tabia zao ni tofauti kabisa. Ukitaka kuzielewa, fikiria ubao wa mitambo katika chumba cha udhibiti cha kituo cha umeme kama Mwadingusha, kule kwenye mto Lufira, ambacho kimekuwa kikiipa migodi yetu umeme tangu 1930. Pana swichi, pana mishale ya vipimo, pana taa za tahadhari zinazozimika ukibonyeza kitufe cha kukiri kwamba umeziona. Hakuna mfanyakazi mwenye akili anayedhani kwamba kuigusa swichi na kuutazama mshale ni kazi moja.

Rejista zina aina zote hizo. Iko inayoandikwa tu. Iko inayosomwa tu. Iko ambayo ukiisoma inajifuta: kadi za gigabiti za Intel za familia ya PRO/1000 zina rejista ya sababu za kukatiza (interrupt), kwenye anwani 0x00C0, ambayo ukiisoma tu kadi inadhani umeshayashughulikia yote yaliyomo. Na iko, kama tutakavyoona, ambayo ukitaka kuifuta biti yake inabidi uiandikie 1, si 0.

Kwa hiyo kwa nini isisomwe kama kumbukumbu ya kawaida, kwa kielekezi tu, bila kisaidizi chochote? Sababu ya kwanza ni kompaila. Kompaila ikiona umesoma mahali pale pale mara mbili bila kuandika chochote katikati, itaufuta usomaji wa pili, kwa nia njema kabisa. Kwa kumbukumbu ni sawa. Kwa rejista inaweza kuwa balaa, kwa sababu zipo rejista zinazotakiwa kusomwa mara mbili.

Mfano uko ndani ya kadi nyingi za Ethernet. Sehemu inayoongea na kebo yenyewe ina rejista 32 za biti 16 kila moja, zilizopangwa kwa kanuni moja kwa watengenezaji wote. Rejista namba 1 ni ya hali, na biti yake namba 2 husema kama kebo imeunganika. Lakini biti hiyo inashikilia habari mbaya. Kebo ikikatika hata kwa nusu sekunde kisha ikarudi, biti inabaki 0 mpaka mtu aisome, ili kukatika kule kusipite kimya. Usomaji wa kwanza unakupa historia, wa pili unakupa sasa hivi. Mtu asiyejua akifika kwenye draiva na kuona mistari miwili inayofanana, mmoja chini ya mwingine, ataufuta mmoja na kuandika kwamba ameondoa marudio. Urahisishaji wa namna hiyo umeharibu draiva nyingi, na ndiyo maana nawashangaa wanaodhani kwamba kazi ya kusafisha msimbo ni ya kumpa mwanafunzi siku yake ya kwanza.

Sababu ya pili ni njia. Maandishi yanayotoka kwenye prosesa kwenda kwenye kadi kupitia njia ya PCI hayafiki papo hapo. Yanawekwa foleni njiani, na prosesa inaendelea na shughuli zake ikiamini kwamba mambo yamekwisha. Draiva ikiandika amri ya kuanza upya, kisha ikasubiri mikrosekunde 10 kama mwongozo wa kadi unavyotaka, inawezekana ikawa imesubiri mikrosekunde 10 amri ikiwa bado njiani. Dawa yake ni kusoma rejista yoyote ya kadi ile ile baada ya kuandika. Usomaji hauwezi kuyapita maandishi yaliyotangulia, kwa hiyo jibu likirudi, ujue amri imefika.

Hapo ndipo 8139too inapopendeza. Ina makro RTL_W8, inayoandika baiti moja, na ina RTL_W8_F, inayoandika kisha kusoma pale pale ili kuisukuma amri ifike. Tofauti ni herufi moja. Ukiliona faili hilo kwa mara ya kwanza utatamani kuziunganisha ziwe moja. Ukiunganisha kwa kuondoa usomaji, draiva itafanya kazi kwenye kompyuta yako na kushindwa kwenye ya jirani, siku moja katika wiki. Ukiunganisha kwa kusoma kila mara, itafanya kazi kila mahali lakini polepole, kwa maana kuisoma kadi kupitia PCI huigharimu prosesa muda ambao ingetekeleza mamia ya maagizo mengine. Mwandishi aliyeacha makro mbili alijua alichokuwa akifanya. Tatizo ni kwamba herufi F haimwambii msomaji mpya chochote.

Kuna jambo jingine ndani ya makro hizo, na hili kweli lilistahili kurahisishwa. RTL_W8 inapokea vitu viwili: namba ya rejista na thamani. Haipokei kadi. Inajuaje ni kadi ipi? Ndani yake limefichwa jina ioaddr, na makro inategemea kwamba kila fanksheni inayoiita imekwisha kutangaza kigezo chenye jina hilo hilo hasa. Usipokitangaza, kompaila inalalamika kuhusu jina ambalo wewe hukuliandika popote. Ukitangaza ioaddr mbili katika fanksheni ndefu, makro itachukua iliyo karibu, na huna habari. Draiva ya e1000e ya Intel ina desturi hiyo pia: makro yake er32 inasoma rejista ikitegemea kwamba jirani pana kigezo kinachoitwa hw. Mistari inakuwa mifupi, inapendeza machoni, na msomaji hawezi kujua kwa kuitazama tu inagusa nini.

Mwaka 2018 draiva ya r8169, inayoendesha kadi za Realtek za gigabiti, ilirekebishwa kuhusu jambo hili. Makro zake zikaanza kupokea kielekezi cha kifaa waziwazi, kama kigezo cha kwanza, na zenyewe zikawa zinachukua anwani ya kadi pale pale zinapoihitaji. Fanksheni nyingi zikapoteza mstari mmoja mmoja wa kutangaza ioaddr. Kila wito ukawa mrefu zaidi kwa herufi chache. Kwa kipimo cha urefu wa mstari, msimbo uliharibika. Kwa kipimo cha anayeusoma saa tano usiku akitafuta hitilafu, ulinyooka. Mimi naupima kwa kipimo cha pili.

Sasa tuje kwenye urahisishaji unaoonekana wa busara kuliko wote, ambao ndio hatari kuliko wote. Ukipitia draiva yoyote ya mtandao utaona mtindo huu ukijirudia: soma rejista, washa biti moja, andika ulichopata. Mistari mitatu, mara mia. Mtu yeyote angetaka kisaidizi kimoja cha kuwasha biti, apewe rejista na biti, amalize kwa mstari mmoja. Kwa rejista za mipangilio ni sawa kabisa, na visaidizi hivyo vimeondoa makosa mengi ya kunakili.

Lakini chukua rejista ya hali za kukatiza ya RTL8139, kwenye anwani 0x3E. Biti 0 husema pakiti imepokelewa salama. Biti 2 husema pakiti imetumwa salama. Kuifuta biti unaiandikia 1; ukiandika 0, biti haiguswi. Sasa tuseme pakiti imetumwa na nyingine imepokelewa karibu kwa wakati mmoja. Rejista ina 0x0005, biti 0 na biti 2 zikiwa zimewaka. Sehemu ya draiva inayoshughulika na kutuma inataka kuikiri biti yake tu, ile ya 2. Ikiandika 0x0004 moja kwa moja, mambo yanakwenda vizuri: biti 2 inazimika, biti 0 inabaki ikisubiri sehemu ya kupokea. Ikitumia kisaidizi chetu kizuri kipya, kinasoma 0x0005, kinaiwasha biti 2 ambayo tayari imewaka, na kuandika 0x0005. Biti zote mbili zinafutwa. Pakiti iliyopokelewa iko ndani ya kumbukumbu, nzima kabisa, na hakuna anayejua kwamba imefika.

Italala hapo mpaka pakiti nyingine iingie na kuwasha biti upya. Fundi akijaribu ping, ambayo hutuma swali moja kila sekunde, ataona majibu yakichelewa karibu sekunde nzima, kwa maana jibu la kwanza linagunduliwa pale jibu la pili linapobisha. Atashuku kebo. Na kwa kweli ana sababu ya kuishuku: hata katika mji huu wa shaba, sokoni unaweza kuuziwa kebo ya mtandao ambayo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Atabadilisha kebo, atabadilisha swichi, ataigeuza kadi kwenye nafasi nyingine. Chanzo kiko kwenye kisaidizi chenye mistari mitatu ambacho kila aliyekipitia alikiona hakina kasoro.

Wahandisi wa Linux walipotengeneza mfumo wa pamoja wa kufikia rejista, unaoitwa regmap, ulioandikwa na Mark Brown na kuingia katika toleo la 3.1 la kerneli, yaani kiini cha Linux, mwaka 2011, waliliona tatizo hili. Regmap ilianza kwa ajili ya vipande vidogo vilivyo kwenye njia za polepole, na leo imesambaa mbali. Inamwezesha mwandishi wa draiva kutangaza tabia za rejista zake: zipi hubadilika zenyewe, kwa hiyo zisihifadhiwe nakala, na zipi ni tunu, yaani hazipaswi kusomwa na yeyote isipokuwa draiva yenyewe, kwa sababu kuzisoma kunabadilisha kitu. Kisaidizi cha kubadilisha biti kimo ndani yake, pamoja na kufuli la kuzuia prosesa mbili zisivurugane katikati ya kusoma na kuandika. Ninachokipenda zaidi ni lile tangazo la tabia. Ujuzi uliokuwa kichwani mwa mtu mmoja umewekwa ndani ya msimbo, mahali ambapo mashine inaweza kuutumia.

Kisa cha kutisha kuliko vyote katika historia hii ni cha mwaka 2008. Kati ya Septemba na Oktoba, watu waliokuwa wakijaribu kerneli 2.6.27 kabla haijatoka rasmi, ikiwa ndani ya matoleo ya majaribio ya openSUSE, Ubuntu na Mandriva, walianza kukuta kadi za Intel zilizounganishwa kwenye mbao za kompyuta zao zimekufa. Hazikufa kwa muda. Kuizima na kuiwasha kompyuta hakukusaidia, wala kurudi kwenye kerneli ya zamani. Kumbukumbu ya kudumu ya kadi, inayohifadhi anwani yake ya kipekee na mipangilio yake, ilikuwa imeharibiwa. Draiva e1000e, kabla ya kuikubali kadi, hujumlisha maneno 64 ya mwanzo ya kumbukumbu hiyo, na jumla isipokuwa 0xBABA, namba waliyoichagua wahandisi wa Intel, inakataa kuendelea. Kwenye mashine hizo jumla haikuwa 0xBABA tena.

Walioathirika walishuku mambo mengi, na zaidi ya yote draiva ya e1000e. Intel ilitoa haraka marekebisho ya kuifunga kumbukumbu ile isiandikike, na kerneli ikatoka tarehe 9 Oktoba ikiwa na kinga hiyo, huku mkosaji akiwa hajulikani. Alipopatikana siku chache baadaye, alikuwa mbali kabisa na mtandao. Ilikuwa ftrace, chombo cha kufuatilia fanksheni za kerneli, ambacho mwandishi wake, Steven Rostedt, ndiye aliyeeleza kilichotokea.

Ftrace ilikuwa ikikumbuka anwani za fanksheni zote ili baadaye ibadilishe maagizo machache mwanzoni mwa kila moja. Miongoni mwazo zilikuwa fanksheni za kuanzisha moduli, ambazo hutumika mara moja tu kisha nafasi yao kwenye kumbukumbu huachwa. Nafasi hiyo ikapewa e1000e, ambayo iliitumia kuifikia kumbukumbu ya kudumu ya kadi. Ftrace haikuwa na habari. Ilirudi kwenye anwani ile ikidhani ni msimbo, na kwa uangalifu ikatumia agizo la prosesa linalosema: linganisha kilichomo na ninachokitarajia, na kama ni sawa tu, badilisha. Haikuwa sawa, kwa hiyo hakuna kilichopaswa kubadilika. Ila kwenye prosesa za x86 agizo hilo huandika kila mara. Ulinganisho ukishindwa, linarudisha thamani ile ile iliyosomwa. Kwa kumbukumbu ya kawaida, kuandika 7 juu ya 7 si kitu. Kwa rejista zinazotawala kumbukumbu ya kudumu, kuandika ni amri, haijalishi thamani ni ile ile.

Hakuna kisaidizi kilichokosea katika kisa hicho. Visaidizi vyote vya e1000e vilikuwa sahihi, na kadi zikafa hata hivyo, kwa kuwa kisaidizi ni mlango tu, na kuta za chumba hicho hazikuwepo. Ndiyo maana draiva hiyo mpaka leo ina kigezo kinachoitwa WriteProtectNVM, ambacho huifunga kumbukumbu ya kadi mara draiva inapoanza, na kikiachwa kama kilivyo kinabaki kimewashwa. Anayeipunguza e1000e akaona kigezo hicho hakitumiki na mtu, ajue kwanza historia yake.

Kisaidizi kinaweza pia kubeba ujuzi usioonekana kuwa na maana mpaka siku ya shida. Katika draiva ya igb, pia ya Intel, fanksheni ya kusoma rejista haisomi tu. Baada ya kusoma inauliza: je, nimepata 1 tupu, biti zote 32? Kifaa kilichong'oka kwenye njia ya PCI hakirudishi kosa. Njia yenyewe inajaza biti zote kwa 1, na draiva isiyoshtuka itadhani imesoma namba 4,294,967,295 ya kweli. Kwenye mashine zetu, ambapo joto, vumbi na kadi iliyolegea kwenye nafasi yake ni mambo ya kila wiki, ukaguzi huo ndio tofauti kati ya ujumbe mmoja kwenye kumbukumbu za mfumo na kompyuta iliyoganda. Ukikirahisisha kisaidizi hicho mpaka kibaki mstari mmoja wa kusoma, vipimo vyote kwenye maabara yenye kiyoyozi vitapita.

Rust imeleta njia nyingine. Katika kerneli 6.8, iliyotoka Machi 2024, iliingia draiva ya kwanza ya mtandao iliyoandikwa kwa lugha hiyo, ya kipande cha kampuni ya ASIX kinachoongea na kebo. Ni fupi mno, na ilikuwa na nakala ya C iliyotangulia, kwa hiyo mtu anaweza kuzisoma bega kwa bega. Kinachovutia ni kwamba kompaila ya Rust inakataa mambo ambayo kwenye C yalizuiwa na adabu tu. Hata C haikuachwa mikono mitupu: kwa ajili ya chombo cha ukaguzi kinachoitwa sparse, ambacho Linus Torvalds alikiandika mwaka 2003, anwani za vifaa kwenye kerneli huwekwa alama ya __iomem, na ukiichanganya anwani ya kifaa na ya kumbukumbu ya kawaida, au ukibadilisha nafasi za thamani na anwani ndani ya kisaidizi cha writel, unaonywa. Ila sparse lazima uiendeshe mwenyewe. Wengi hawaiendeshi.

Turudi Likasi, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo mjadala wa urahisishaji hulikosa. Wasimamizi wa sehemu ya mtandao ya kerneli wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hawavutiwi na viraka vya usafishaji mtupu visivyoambatana na kazi nyingine. Sababu si ukali. Anayetuma kiraka cha kusafisha 8139too mara nyingi ni mtu mwenye kompyuta mpya, ambaye hajawahi kuishika kadi hiyo. Amehakikisha kwamba msimbo unakubaliwa na kompaila, basi. Kama ameziunganisha RTL_W8 na RTL_W8_F, hakuna mtu kati yake na msimamizi anayeweza kujua kama kadi bado inaamka. Na draiva ikishakosa mtu wa kuijaribu, siku zake zinahesabika. Msaada wa mitandao ya Token Ring uliondolewa kwenye kerneli mwaka 2012, toleo la 3.5, kwa kuwa hakukuwa na aliyebaki akiutumia na kuutunza.

Kadi ziko huku. Ziko ndani ya mashine ambazo hazijazimwa kwa hiari ya mtu, isipokuwa shirika la umeme, SNEL, likikata umeme. Mwanafunzi wa informatiki anayejifunza kwa Kifaransa, anayezungumza Kiswahili nyumbani na kusoma msimbo wenye majina ya Kiingereza, ana kitu ambacho mhandisi wa California hana: RTL8139 ya kweli, iliyotumika miaka mingi, kwenye ubao wa kompyuta wenye chipu ambayo hakuna tena anayeitengeneza. Uwezo wake wa kupima kiraka ni mkubwa kuliko wa yule aliyekiandika.

Upimaji wenyewe hauhitaji vifaa vya ajabu. Andika lspci -n uone kama namba 10ec:8139 imo; 10ec ni Realtek, kama vile 8086 ilivyo Intel, kwa heshima ya prosesa yao ya 1978. Kisha ethtool -d, ikifuatwa na jina la kadi, itakuchapishia rejista zote kwa majina na thamani zake, ikiwa kerneli yako haikujengwa kutumia njia ya kale ya milango ya I/O. Hifadhi chapa hiyo kwenye faili. Jenga moduli yenye kiraka, ondoa ya zamani, weka mpya, piga ethtool -d tena, na ulinganishe mafaili mawili kwa diff. Halafu chomoa kebo na kuichomeka haraka, mara nyingi, uone kama draiva inaligundua kila tukio. Tuma ping mfululizo kwa saa nzima ukitazama muda wa majibu, hasa yale yanayokaribia sekunde moja. Nakili faili kubwa kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, maana hapo ndipo biti 0 na biti 2 hukutana ndani ya 0x3E. Ukimaliza, piga chapa ya tatu ya rejista. Vihesabio na anwani za bafa vitatofautiana, na hali ya kebo inaweza kutofautiana. Tofauti nyingine yoyote, hata ya biti moja, inataka maelezo kabla jina lako halijawekwa chini ya kiraka kwamba umekipima.